Kiwanda cha bia Kisumu: Mtama ulikifufua, ushuru waweza kukizima tena

MNAMO Desemba 2025, kampuni ya Diageo ya Uingereza ilitangaza kuwa imekubaliana na kampuni ya Asahi ya Japani kuiuzia hisa zake asilimia 65 katika East African Breweries Limited (EABL), kwa takriban Dola 2.3 bilioni za Marekani. Habari hiyo ilifuatiliwa sana na wawekezaji wa soko la hisa jijini Nairobi. Hata hivyo, wapo wengine inaowahusu vilevile ingawa wengi wao hawamiliki hata hisa moja. Hawa ni wakulima wa mtama katika kaunti za Siaya, Homa Bay, Migori, Busia na Kisumu.

Kinachowaunganisha wakulima hao na mkataba wa London na Tokyo ni kiwanda kimoja mjini Kisumu. Kiwanda hicho kiliwahi kupika bia, kikazimwa, kikakaa zaidi ya miaka kumi bila kupika hata pipa moja, kisha kikarejeshwa kazini mwaka 2019 kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh15 bilioni. Kilipozimwa, mkulima wa mtama hakuulizwa kwa sababu hakuwa na lake pale. Kilipofufuliwa, alitajwa katika kila hotuba. Anayetaka kujua kama soko hilo litadumu anafaa kuelewa kwanza kwa nini mambo hayo mawili yalitokea.

Bia iliyofuata wanywaji

Kampuni ya kupika bia nchini ilianza mwaka 1922, pale ndugu wawili, George na Charles Hurst, waliposhirikiana na wenzao na kujenga kiwanda kidogo Ruaraka, nje ya Nairobi. George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikapata jina na picha yake kutokana na mkasa huo. Kwa miongo mingi kampuni ilipanuka kwa kufuata wanywaji. Ilipika Nairobi, ikapika Mombasa, ikapika Kisumu.

Malighafi haikufuata njia hiyo. Bia ya chupa hupikwa kwa kimea cha shayiri, na shayiri ni zao la nyanda za juu zenye baridi, mathalan Mau Narok, Molo, Timau na Uasin Gishu. Kisumu iko kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la shayiri. Kwa hivyo kimea kilisafirishwa kutoka bara ya juu hadi Kisumu, kikapikwa, na bia ikanywewa na watu wa magharibi. Mkulima wa Seme au Alego aliyeishi mwendo mfupi kutoka kiwandani hakuuza hapo hata debe moja la nafaka. Alichopata ni kibarua kwa wachache na bia kwa wenye pesa.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini kiuchumi ndilo lililoamua hatima ya jengo hilo. Kiwanda kinachonunua malighafi kutoka kwa majirani zake hufungwa kwa shida, kwa kuwa kukihamisha kunaongeza gharama ya kusafirisha mazao. Kiwanda kinacholetewa kila kitu kwa lori hakina kinachokishikilia. Siku mhasibu atakapogundua kuwa ni nafuu kupika mahali pamoja na kusafirisha chupa, kitazimwa.

Siku hiyo haikukawia. Miaka ya tisini mauzo ya bia nchini yalishuka kwa sababu ya uchumi mbaya na ushuru mkubwa. Kisha mwaka 1998 kampuni ya Afrika Kusini, iliyokuja kuitwa SABMiller, ikafungua kiwanda cha bia ya Castle mjini Thika na kuanzisha vita vya bei. Wakenya nao walikuwa wamevuka mpaka na kuweka kiwanda Moshi, Tanzania. Pande zote mbili zilichoma pesa hadi mwaka 2002 zilipoamua kugawana uwanja. Castle ikafunga Thika, EABL ikaachia Moshi, na kampuni hizo zikabadilishana hisa. Katika hesabu za miaka hiyo, mitambo ya Mombasa na Kisumu ilionekana kuwa mzigo. Upishi wote nchini ukakusanywa Ruaraka, na bia ya Kisumu ikawa inaletwa kwa malori umbali wa takriban kilomita 350.

Wakazi wa Kisumu hawakushangaa sana. Mji huo ulikuwa umeona kiwanda cha nguo cha Kicomi kikinyamaza, na kiwanda cha sukari cha Miwani kikifuata. Kiwanda cha bia kilihesabiwa tu kuwa marehemu mwingine.

Mtama waingia kwenye sufuria

Mabadiliko yalianzia Uganda. Mwaka 2002 kampuni ya Nile Breweries ya Jinja ilizindua bia ya Eagle iliyopikwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere. Serikali ya Uganda iliipunguzia bia hiyo ushuru kwa kuwa ilitumia zao la nyumbani. Bei ikashuka, wanywaji wakaja, na wakulima wa Teso na Lango wakapata mnunuzi wa zao ambalo awali lilikuwa la chakula na pombe ya kienyeji tu.

Kenya ilifuata kwa njia yake. Mwaka 2004 EABL ilizindua Senator Keg, bia ya bei ya chini inayouzwa kutoka mapipa ya chuma badala ya chupa. Serikali iliondoa ushuru wa bidhaa kwa bia hiyo. Hoja ilikuwa kwamba mnywaji maskini akipata bia salama kwa bei anayoimudu, ataacha chang'aa iliyotiwa kemikali. Mwanzoni bia hiyo ilitegemea shayiri, lakini baadaye kampuni ikageukia mtama na kuanza kuwapa wakulima kandarasi, hasa katika maeneo makavu ya mashariki kama Kitui, Machakos na Tharaka.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo wakulima wengi hawaelezwi. Mtama haukushinda shayiri kwa sababu unatoa bia tamu zaidi, wala kwa sababu ni rahisi kupika. Ulishinda kwa sababu ya ushuru. Ukiondoa nafuu ya ushuru, bia ya mtama ni bia kama nyingine, na bei yake huwa kama ya nyingine.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuanzia Oktoba 2022, ushuru wa bidhaa kwa bia ulikuwa Sh142.44 kwa lita. Kanuni za mwaka 2017 zinatoa punguzo la asilimia 80 kwa bia iliyotengenezwa kwa mtama, wimbi, mihogo au mazao mengine ya humu nchini isipokuwa shayiri, mradi mazao hayo yawe angalau asilimia 75 ya malighafi kwa uzani. Bia ya chupa ya shayiri ililipa Sh142.44 zote. Bia ya mtama ililipa Sh28.49. Tofauti ya Sh113.95 kwa kila lita ndiyo inayomwezesha mwenye kibanda kuuza kikombe kwa bei ya mwananchi, na ndiyo inayolipia gunia la mkulima.

Tangu Desemba 2024 sheria imebadilisha kipimo. Ushuru sasa huhesabiwa kwa kilevi kilichomo, Sh22.50 kwa kila sentilita ya kilevi halisi. Bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina sentilita tano kwa lita, hivyo ushuru wake kamili ni Sh112.50. Ikipata punguzo la asilimia 80, inabaki Sh22.50. Kipimo ni kipya lakini msingi ni uleule: soko la mtama limekaa juu ya lile punguzo.

Somo la mwaka 2013

Si nadharia. Mwaka 2013 serikali ilikuwa inatafuta pesa, ikapunguza nafuu ya Senator kutoka asilimia 100 hadi 50. Bei ya kikombe ilipanda ghafla na mauzo yakaporomoka kwa karibu asilimia 80 kwa mujibu wa kampuni. Wakulima waliokuwa tayari wamepanda walibaki na mtama ambao mnunuzi hakuutaka. Kandarasi zilikatwa, madalali wakanunua kwa bei ya kutupa, na wengine wakaulisha kuku.

Hazina ya Taifa nayo haikupata ilichotafuta, kwa sababu asilimia 50 ya bia isiyonunuliwa ni sufuri. Wanywaji walirudi kwa vinywaji vya bei rahisi, na Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu. Vifo hivyo haviwezi kuwekwa vyote kwenye ushuru, kwani pombe haramu iliua Wakenya kabla na baada ya hapo. Lakini serikali ilitikisika na ikairejesha sehemu kubwa ya nafuu.

Ni baada ya nafuu hiyo kutulia ndipo jengo la Kisumu lilipokumbukwa. Juni 2017 mpango wa kulifufua ulitangazwa, na serikali ikataja ajira zaidi ya 100,000 za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja. Idadi kama hiyo husomwa kwa tahadhari. Ndani yake yumo mkulima mwenye robo ekari, dereva wa lori na mhudumu wa baa, wengi wao wakiwa na kazi hata kabla ya kiwanda. Wanaoajiriwa ndani ya kiwanda cha kisasa cha bia ni mamia tu.

Kwa nini jengo la zamani?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kampuni haikujenga upya mahali pengine. Katika kiwanda kilichokufa, mashine ndizo huchakaa kwanza na kupitwa na wakati. Kinachobaki na thamani ni kile kisichoonekana kwenye picha: hati ya ardhi, njia ya malori, umeme mkubwa, mfereji wa majitaka, na zaidi ya yote maji. Kiwanda cha bia hutumia lita tatu hadi tano za maji, na pengine zaidi, kwa kila lita ya bia, na Kisumu iko ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mji wenyewe pia ni lango la soko la chang'aa na busaa, wanywaji haohao ambao Senator ilibuniwa kuwavuta. Kusafirisha pipa zito la bia ya bei ya chini kutoka Nairobi kunakula faida, ilhali chupa ya bei ya juu hubeba gharama hiyo bila kulalamika.

Mitambo ilibidi iwe mipya kwa sababu mtama una tabia zake. Wanga wa shayiri hulainika kwenye maji ya moto wa wastani, lakini wa mtama huhitaji joto kubwa zaidi, hivyo nafaka hupikwa katika sufuria yake. Shayiri pia ina maganda ambayo hugeuka chujio wakati wa kukamua maji matamu. Mtama hauna maganda hayo, na kiwanda kinahitaji mashine maalumu ya kuchuja, pamoja na vimeng'enya vya kusaidia kugeuza wanga kuwa sukari. Mitambo ya zamani iliyojengewa kimea cha shayiri isingefaa hata kama ingekuwa imetunzwa.

Kiwanda kilichofufuliwa kilikusudiwa kupika hadi hektolita milioni moja kwa mwaka, yaani lita milioni 100. Mwaka mmoja tu baada ya kuanza, janga la corona lilifunga baa zote nchini kuanzia Machi 2020 hadi mwishoni mwa Septemba. Bia ya pipa ndiyo iliyoumia zaidi. Chupa inaweza kununuliwa dukani na kunywewa nyumbani, lakini pipa hufunguliwa baani.

Shambani mambo ni tofauti na kwenye makaratasi

Kiwanda kinataka mtama mweupe usio na uchungu, kama Gadam au Sila. Gadam hukomaa kwa takriban miezi mitatu na huvumilia ukame, ndiyo maana ulifaulu Kitui na Tharaka. Magharibi una maadui wawili. Wa kwanza ni ndege. Mtama mweupe ni mtamu kwao kama ulivyo kwa mpishi wa bia, na kundi la kwelea linaweza kumaliza ekari kwa siku chache. Wazee wa Nyanza walipanda mtama mwekundu wenye uchungu kwa sababu hiyo hasa. Wakulima walioacha mbegu hiyo bila kupanga wa kufukuza ndege walipata hasara msimu wa kwanza, kwani kibarua cha kulinda shamba kuanzia punje zinapojaa maziwa hadi mavuno huweza kula faida yote ya mwenye ekari moja. Wanaofaulu ni wale wanaokubaliana na majirani wapande wiki moja, ili ndege wagawane mashamba mengi badala ya kuangukia moja.

Adui wa pili ni kiduha, lile gugu la maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Hunyonya mizizi ya mtama na mahindi kabla hata halijachomoza. Dawa iliyothibitishwa iko karibu sana na wakulima hawa. Kituo cha icipe kilichoko Mbita, Homa Bay, kilibuni mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya nafaka na nyasi za mifugo pembeni. Desmodiamu huzuia kiduha, nyasi huwavuta nondo wa viwavi watagapo mayai, na vyote viwili ni lishe ya ng'ombe. Anayefuga hupata mara mbili.

Kisha kuna mizani. Nafaka hukataliwa ikiwa na unyevu, ikiwa na mchanga, au ikiwa imechanganywa nyeupe na nyekundu. Gari likirudishwa kutoka ghalani, nauli ni ya mwenye mzigo. Kupura kwenye turubai badala ya ardhini ni gharama ndogo ikilinganishwa na safari moja ya kurudishwa.

Kwa wafanyabiashara wadogo, fursa haipo kwenye mtama peke yake. Upishi wa bia huacha machicha, ambayo ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Machicha mabichi huharibika kwa siku chache na ni mazito kwa sababu ya maji, kwa hivyo faida iko kwa mwenye gari na wateja wa karibu, si kwa anayetaka kuyahifadhi. Vilevile kuna kazi ya kukusanya nafaka za wakulima wadogo, kuzisafisha na kuzipeleka kwa wingi, kwani mwenye magunia matatu hawezi kufika kiwandani peke yake. Mkusanyaji mwaminifu anahitajika. Asiye mwaminifu ndiye aliyeko kwa wingi, na vikundi vyenye mizani yao wenyewe huibiwa kidogo zaidi.

Nani anashika ufunguo

Asahi ikikamilisha ununuzi, itarithi jengo na kandarasi. Hakuna sababu ya kudhani kuwa mmiliki mpya atakuwa na kinyongo na Kisumu. Sh15 bilioni zilizokwishazikwa pale hazirudi kwa kufunga mlango. Tofauti na zamani, sasa kiwanda hicho kinanunua zao linaloota karibu nacho, na hilo ni nanga ambayo jengo la kwanza halikuwa nayo. Lakini mmiliki mpya atapiga hesabu ileile ambayo wa zamani alipiga, na mstari mkubwa zaidi katika hesabu hiyo hauandikwi Tokyo. Unaandikwa Nairobi.

Mkulima anayetegemea mnunuzi mmoja ambaye naye anategemea kifungu kimoja cha kanuni anabeba hatari mbili kwa bei ya gunia moja. Wenye busara hawapandi shamba lote mtama wa bia. Baadhi hubakiza sehemu ya mtama wa ugali na uji, wengine huuza kwa wasagaji wa chakula cha kuku. Kandarasi nayo isomwe kabla ya kuwekwa sahihi: je, inataja bei au inasema tu "bei ya soko"? Inataja siku za malipo? Inasema nini iwapo mnunuzi atapunguza kiasi kutokana na mabadiliko ya ushuru? Mwaka 2013 mzigo wa mabadiliko hayo uliishia kwa aliyelima.

Kuna pia suala la kalenda ambalo vyama vya wakulima havijalipigia kelele ya kutosha. Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni, na sehemu kubwa ya masharti yake huanza Julai 1. Mtama wa mvua ndefu magharibi hupandwa Februari na Machi na kuvunwa Julai na Agosti. Maana yake ni kwamba mkulima hununua mbegu, hulima na kupalilia bila kujua ushuru utakaotozwa bia atakayokuwa anaiuzia nafaka yake. Akipanda mvua fupi, angalau Mswada huwa umekwisha kuwa sheria. Maoni ya umma kuhusu Mswada huo hupokelewa na kamati ya fedha ya Bunge mwezi Mei, wakati mtama wa magharibi umefika magotini. Kampuni za bia huwa zimo ukumbini na mawakili wao.